Hata Mwenye Afya na Aende Kupimwa

Katika sheria aliyopewa Musa, mtu aliyeona doa katika ngozi yake hakuruhusiwa kujihukumu mwenyewe. Alipelekwa kwa kuhani. Kuhani alitazama kama nywele za mahali pale zimegeuka kuwa nyeupe, na kama doa limeingia ndani kupita ngozi. Akiwa na shaka, alimtenga mtu yule siku 7, kisha akamtazama tena. Na shaka ikibaki, siku 7 nyingine. Aliyekutwa na kipele tu alifua nguo zake, akarudi kwake kwa amani. Mambo hayo yameandikwa katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13.

Bwana wetu Yezu Kristu hakuidharau desturi hiyo. Wakoma 10 walipomlilia kutoka mbali, aliwatuma kwa makuhani ili watazamwe. Mwinjili Luka asimulia kwamba walitakasika wangali njiani. Kama wangekaa chini na kusema, "Kwanza tupone, ndipo twende," wangekosa baraka yao.

Ugonjwa usiouma

Watu wengi husema: "Sina maumivu; niende kwa mganga kufanya nini?" Maneno haya huonekana kuwa ya busara, lakini habari za Mtakatifu Damiano wa Molokai zaonyesha kwamba yanadanganya. Padre huyu alizaliwa Ubelgiji mwaka 1840. Mwaka 1873 alikwenda kukaa na wakoma waliotengwa katika kisiwa cha Molokai, katika bahari ya Pasifiki. Aliwafunga vidonda, akawajengea nyumba, akawazika. Siku moja, mwezi wa Desemba 1884, alitia miguu yake katika maji ya moto sana. Ngozi ikababuka na kufanya malengelenge, naye hakusikia kitu. Hapo akajua kwamba ukoma umemwingia. Kukosa maumivu ndiko kulikokuwa dalili yenyewe. Alikufa tarehe 15 Aprili 1889, na Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Siku za Damiano dawa ya kuponya ukoma haikuwapo. Leo ipo, hutolewa bure, na mgonjwa huimeza kwa miezi 6 au 12 akapona. Lakini dawa hairudishi kidole kilichokwisha kupotea. Kwa hiyo mwenye baka lisilosikia kitu katika ngozi yake afanye haraka, asingoje kidonda.

Yaliyotokea Kongo

Nchi ya Kongo ina ushuhuda wake, nao ni wa malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Mbung'o humwuma mtu, na kijidudu huingia katika damu. Kwa miezi mingi, hata miaka, mtu hulima, huoa, hucheza ngoma, wala hajui alichobeba. Baadaye kijidudu hufika katika ubongo. Hapo mtu husinzia mchana na kukesha usiku, akili yake huvurugika, na asipotibiwa hufa.

Zamani vikundi vya waganga vilizunguka kijiji kwa kijiji. Watu wote walipangwa mstari, wenye nguvu na wadhaifu, wakapapaswa tezi za shingo, wakatolewa damu kidogo. Kwa kazi hiyo, ugonjwa ulikuwa karibu kwisha mnamo mwaka 1960. Kisha yakaja machafuko. Vikundi vikaacha kuzunguka, na watu wakaacha kutazamwa. Mwaka 1998 walionekana wagonjwa karibu 40,000 katika Afrika, na walio wengi walikuwa Wakongo. Nchi ya West Nile huko Uganda, jirani ya Aru na Mahagi, ilipatwa na msiba uleule. Ndipo vikundi viliporudi vijijini, na mwaka 2018 wagonjwa walioonekana hawakufika 1,000. Mbung'o wangali porini. Lakini watu walikubali kupimwa, na kijidudu kikakosa mahali pa kujificha.

Ni kweli kwamba wengi waliwakimbia waganga hao, wala hofu yao haikuwa upumbavu. Dawa ya zamani kwa ugonjwa uliokwisha kufika ubongoni ilikuwa na sumu ya aseniki, nayo iliua wagonjwa kama 5 katika kila 100. Lakini hata siku zile, aliyegunduliwa mapema hakupewa dawa hiyo. Alipewa nyingine iliyo nyepesi. Aliyekimbia ndiye aliyerudi akiwa amechelewa, akakutana na ile kali. Leo wagonjwa wengi hutibiwa kwa vidonge vya kumeza siku 10, dawa iliyokubaliwa katika Kongo mwishoni mwa mwaka 2018.

Maneno ya mama mkwe

Katika vijiji vya kandokando ya Bunia, mwanamke kijana mwenye mimba huweza kuambiwa na mama mkwe wake: "Mwanangu, wakaacha shamba kwenda kutafuta nini huko? Sisi tulizaa bila kupimwa." Mama huyu hasemi uwongo, wala asidharauliwe. Lakini akiulizwa kwa upole ni watoto wangapi aliowazika, na ni wenzake wangapi waliokwenda kujifungua wasirudi, atanyamaza kitambo. Waliokufa hawako barazani kutoa ushuhuda wao.

Mwuguzi anapofunga mpira katika mkono wa mama mjamzito, anatafuta msukumo wa damu uliopanda. Msukumo huo huweza kupanda bila mama kusikia lolote, kisha ukamletea kifafa cha mimba na kumwua pamoja na mtoto. Akitoa tone la damu, anatazama upungufu wa damu, na virusi vya UKIMWI pia. Kwa maana mama anayejulikana kuwa navyo hupewa dawa, na mtoto huweza kuzaliwa bila kuambukizwa. Shirika la Afya la Dunia tangu mwaka 2016 lashauri mama mjamzito aonwe mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla mimba haijapita majuma 12. Kwa hiyo mume mwema hangoji tumbo lionekane. Humpeleka mkewe mapema, naye akubali kupimwa pamoja naye, ili mzigo wa habari usimwangukie mke peke yake.

Tena mtoto mchanga apelekwe kwenye mzani kila mwezi, hata akicheka na kunyonya vizuri. Mtoto asiyeongezeka uzito huonekana kwenye mzani kabla mama hajaona mbavu zake. Na mtu anayekohoa majuma 2 apeleke makohozi yake yapimwe, maana kifua kikuu hupona kwa dawa ya miezi 6, lakini mgonjwa aliyejificha huwaambukiza watoto wanaolala naye nyumba moja. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Hofu, fedha na vita

Watu wa Ituri wamejifunza jambo hili kwa machozi. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini uliingia Ituri pia, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Aliyemgusa mgonjwa alitakiwa kutazamwa siku 21. Wengine waliwaficha wagonjwa wao kwa hofu na kwa masengenyo yaliyoenea, wakawauguza chumbani kwa upendo, na upendo ule uliwaambukiza ndugu.

Kikwazo kingine ni umaskini. Njia ni ndefu, vita vimewahamisha wengi katika mashamba yao, na kijumba cha afya pengine hakina dawa. Mambo hayo ni ya kweli, na Mungu hamhukumu mtu kwa asichokiweza. Lakini hapa ndipo jirani anapotakiwa. Msamaria mwema hakumhubiria majeruhi. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama. Mwenye baiskeli ambebe mama mjamzito. Jumuiya iweke akiba kidogo. Aliye jirani awalinde watoto na mbuzi, mwenzake aende kupimwa.

Imani haipingi mganga

Yuko asemaye: "Mimi ninasali; Mungu atanilinda." Asali, afanya vema. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba mganga aliumbwa na Mungu na dawa zatoka katika ardhi ya Mungu. Mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake.

Mkatekumeni anafahamu jambo hili kuliko wengine. Katika Kwaresima, wateule wanaojiandaa kwa ubatizo huchunguzwa mbele ya Kanisa katika Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano. Hawaiti watu ili wawaaibishe. Kanisa huwaombea ili kilicho dhaifu moyoni kifunuliwe na kuponywa, na kilicho chema kiimarishwe. Anayekubali moyo wake utazamwe namna hiyo, kwa nini auogope mzani, au sindano ndogo kidoleni?

Maswali ya kujifunza

S. Je, kutunza afya ni wajibu wa Mkristu?
J. Ndiyo. Uzima ni amana ya Mungu, na Amri ya Tano yatuagiza kuutunza kadiri tuwezavyo, wetu na wa jirani.

S. Je, anayekwenda kupimwa akiwa mzima amekosa imani?
J. Hapana. Anamshukuru Mungu kwa kuilinda zawadi aliyopewa.

S. Afanye nini aliyepimwa akakutwa na ugonjwa?
J. Ashike dawa yake mpaka mwisho, asimtafute mchawi wa kumsingizia, na asiwafiche walio nyumbani mwake.

S. Afanye nini anayejua habari za ugonjwa wa mwenzake?
J. Aufunge mdomo wake na kuifungua mikono yake: asiitangaze siri, bali amsaidie.

S. Afanye nini aliyekutwa mzima?
J. Amtolee Mungu shukrani, kama yule mkoma mmoja aliyerudi, kisha amshike mkono jirani yake aliyebaki nyumbani kwa hofu, waende pamoja.