Kizinda na Ushahidi wa Ubikira

Mwanachuoni wa Kiislamu wa madhehebu ya Shafi, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza kwamba mwanamke aliyepoteza kizinda, yaani utando mwembamba wa mlango wa uke, kwa kuanguka wala si kwa kuingiliwa, hubaki na hukumu ya bikira. Kwa hiyo kisarawanda, kitambaa cheupe cha usiku wa harusi katika desturi ya pwani, si shahidi wa kutegemewa, kwani utando huo kwa kawaida una tundu na huweza kutanuka bila kutoka damu. Qurani (24:4) humtaka anayemsingizia mwanamke zinaa alete mashahidi wanne. Kisarawanda hakihesabiki miongoni mwao.