Shura ya Baba na Mama juu ya Mtoto Anayenyonya



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, mtoto akizaliwa hapa kwetu Bwiza, siku ya saba tunakutana. Tunazungumza akika, jina na kunyoa nywele, na sisi wanafunzi tunapenda kuulizana madhehebu hii imesema nini na ile imesema nini. Hayo ni mema. Lakini sahani zikishaondolewa, ni nani kati yetu wanaume anayeuliza mtoto atapimwa uzito lini, na chanjo inayofuata ni ya tarehe gani? Swali hilo tumewaachia kina mama.

Fungueni Suratul-Baqarah, aya ya 233. Inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza. Inamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama. Inakataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Kisha inafika jambo ambalo wengi wetu tunalipita haraka: wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Neno la aya ni tashaawur, na mzizi wake ni ule ule wa shura. Tumezoea kuizungumzia shura katika uongozi wa umma. Hapa Mwenyezi Mungu ameiweka kwenye maziwa ya mtoto mchanga. Tena wako wafasiri waliosema kwamba aya inawahusu hasa wazazi waliotalikiana. Ikiwa waliotengana wanatakiwa kushauriana, wanaolala nyumba moja wana udhuru gani?

Na mtu hawezi kushauriana juu ya asilolijua. Elimu hiyo iko kliniki. Huko mzazi anaelezwa kwamba miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yanatosha, na baada ya hapo mtoto aongezewe vyakula laini huku akiendelea kunyonya. Huko anaona kwenye kadi kama mtoto anaongezeka uzito au amesimama pale pale. Si jambo dogo katika nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na udumavu hauishii kwenye kimo, unagusa ubongo na masomo. Tangu Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wa umri huo katika vituo vya umma. Hata hivyo, lazima awepo wa kuacha biashara asubuhi na kukaa kwenye foleni, na wa kuleta ndagala, lengalenga na yai nyumbani. Baba anahusika katika yote hayo.

Malezi hayaishii kwenye chakula. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitaja mambo matano anayohitaji mtoto mdogo: afya, lishe, usalama, mlezi anayemwitikia, na nafasi ya kujifunza mapema. Hilo la nne tunalo katika Sunna. Mtume (s.a.w.) alimuuliza Abu Umayr, mdogo wake Anas, habari za kindege chake. Alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni.

Katika ua tunamoishi alikuwepo mtoto aliyekaribia miaka miwili bila kusema neno. Wengine walimwita mkaidi, wengine wakasema wavulana huchelewa. Baba yake, aliyezoea kucheza naye jioni, akaona kwamba mtoto hageuki hata pikipiki ikipiga honi nyuma yake. Akaenda kliniki pamoja na mkewe. Daktari aliuliza mengi, mengine akajibu mama, mengine baba, kisha akachungulia masikio akakuta yana ugonjwa. Mtoto alitibiwa, na wazazi wakaelekezwa wakae mbele ya uso wake, wamtajie vitu kwa majina, wacheze naye kila siku. Leo anatuita sote. Nilipousikia mwenendo wao niliielewa tashaawur kuliko nilivyoielewa darasani.

Basi nawaombeni, na mimi nikiwa wa kwanza. Mwenye mtoto, aijue kadi yake na aende naye kliniki. Asiye na mtoto ana mpwa au mdogo wake: amuulize ndugu yake habari za chanjo, na abaki na mtoto mwingine nyumbani ili mama na baba waende pamoja. Na ustadhi wa madrasa akiona mtoto hasikii au haoni vizuri, awaite wazazi wote wawili kabla ya kushika fimbo. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ewe Mola wetu, tujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na utupe moyo wa kuwahudumia wangali wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.