Jiwe la Wino na Heshima ya Mkono

Msomi wa China ya kale alihesabu vitu vinne kuwa hazina za chumba chake cha kusomea: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Wino wenyewe ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, kisha yakakaushwa yakawa kipande kigumu. Mwandishi alitia maji kidogo juu ya jiwe, akasugua kipande hicho polepole mpaka maji yakawa meusi. Basi halikuandikwa shairi wala hukumu kabla jiwe halijafanya kazi yake. Yafaa tujiulize: je, heshima ya elimu ni ya aliyeshika brashi peke yake?

Tangu enzi ya watawala wa Tang (618–907), mawe ya Duan, yatokayo Zhaoqing katika jimbo la Guangdong, yamesifiwa sana. Jiwe jema husaga wino upesi, haliharibu ncha ya brashi, wala halinywi maji. Lakini halikujileta mezani. Wachimbaji walitambaa katika mapango membamba kwa mwanga wa taa, wakateka kwanza maji yaliyojaa humo. Kisha fundi alilitazama jiwe kabla ya kuligusa kwa patasi. Alipoona doa la mviringo, ambalo Wachina huliita jicho, aliweza kuchonga mawingu kulizunguka, nalo doa likawa mwezi. Kwa hakika, kusoma kilichomo ndani ya jiwe nako ni usomi.

Hata hivyo, wasomi walichora beti na majina yao juu ya mawe hayo, na majina ya wachongaji wengi yakapotea. Mmoja wa wachache waliokumbukwa ni Gu Erniang, mwanamke wa Suzhou wa mwanzoni mwa karne ya 18, aliyerithi ufundi katika ukoo wa mumewe. Wasomi waliotumia mawe yake walimsifu kwa maandishi. Sifa hiyo haikuwapunguzia usomi wao hata chembe.

Wako watakaosema kwamba pasipo msomi, jiwe ni jiwe tu. Ni kweli, lakini pasipo jiwe, msomi yule naye angebaki na mawazo yasiyoandikika. Dhuluma huanza pale mmoja anapochukua heshima yote na kumwachia mwenzake jasho tupu.

Historia ya enzi ya Song inatueleza habari za Bao Zheng (999–1062), aliyetawala Duan. Waliomtangulia walitumia kisingizio cha kodi ya mfalme kutoza mawe makumi ya mara zaidi ya kiasi kilichowekwa, wakawazawadia wakubwa. Yeye aliagiza yachongwe yale ya kodi tu, na muda wake ulipokwisha aliondoka bila kuchukua hata jiwe moja. Alitambua kwamba ndani ya kila jiwe mna mgongo wa mtu.

Mwaka 2006 China iliuingiza ufundi wa mawe ya Duan katika orodha ya urithi wa taifa. Ni jambo jema. Lakini urithi hautunzwi kwa orodha peke yake, bali kwa kumheshimu fundi angali hai. Nasi tusomapo kitabu, hatuna budi kukumbuka kwamba kabla ya neno la kwanza palikuwa na mkono uliosaga, na mwingine uliochonga.