Kutu Iliyo Ndani



Somo letu la mwezi huu latoka katika Kitabu cha Ezekieli, sura ya 24. Nabii aulinganisha mji wa Yerusalemu na sufuria lenye kutu. Nayo kutu hiyo imo ndani, wala haitoki kwa kusuguliwa. Hapana budi sufuria liwekwe tupu juu ya makaa mpaka shaba yake iwe moto. (Mwanafunzi wa sayansi atauliza shaba yapataje kutu. Swali zuri, lakini si la leo.)

Wenye umri wangu wataikumbuka Datsun 240Z, gari la mbio la Kijapani lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mashindano hayo yalifanyika siku za Pasaka, wakati wa masika, na wapo walioikosa ibada kwa kusimama kando ya barabara wakingoja kurushiwa tope. Siwataji, maana wengine sasa ni wazee wa kanisa.

Siku hizi magari yale ni adimu, na wenye kuyapenda, huko Marekani na Uingereza na kwingineko, huyatengeneza kwa gharama kubwa. Adui yao mkubwa ni kutu. Gari hili halina chesi ya peke yake; nguvu zake zimo katika bodi yenyewe, mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa kama sanduku. Tope la magurudumu hujificha nyuma ya madigadi ya mbele. Maji huingia ndani ya mhimili ulio chini ya mlango yasipate pa kutokea. Tindikali ya betri hudondoka na kula chuma kilicho chini yake. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi husukuma mabati yaliyoungana mpaka yanaachana. Ukiona kilengelenge kidogo juu ya rangi, ujue huko ndani kazi ilianza zamani.

Fundi asiye mwaminifu hujaza pati, hupiga msasa, hupaka rangi, na gari hung'aa. Lakini mnunuzi mwerevu huja na sumaku mfukoni. Juu ya chuma hushika. Juu ya pati nene huanguka.

Mpaka hapa mhubiri yeyote angetufikisha, maana Bwana wetu alikwisha sema juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa. Mimi nataka tumtazame fundi mwaminifu. Yeye hukata bati bovu lote mpaka akutane na chuma safi. Lakini kabla hajaukata ule mhimili wa chini, huweka vyuma vya kutegemeza katika nafasi ya mlango, na kuiegemeza bodi kutoka chini. Akikata kabla ya kutegemeza, gari hulegea katikati. Naye akichomelea bati jipya hali limelegea, amelipindisha moja kwa moja, na mlango haufungi tena. Hata kuchomelea kwenyewe hakuendi kwa mstari mmoja. Huweka nukta hapa na nukta pale, akangoja ipoe, kwa sababu moto mwingi huyakunja mabati membamba.

Tuseme mweka hazina wa mtaa amekula fedha za kuezekea kanisa. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Wapo wasemao, "Yaishe, tusilitie kanisa aibu." Hiyo ni pati, na waumini wana sumaku yao: utaiona katika kikapu cha sadaka. Wapo wengine watakao jina lake lisomwe Jumapili hii hii, atengwe. Hao angalau wameiona kutu, lakini wanakata gari lisilotegemezwa. Mkewe atasikia habari hiyo kwa nani? Watoto wataingiaje darasani Jumatatu? Nimefundisha watoto wa namna hiyo. Huketi nyuma kabisa, na huacha kunyosha mkono.

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, hasemi mkosaji aachwe, wala hasemi avunjwe. Awataka watu wa rohoni wamrudishe kwa upole. Na neno la Kigiriki alilolitumia ndilo Marko alilolitumia juu ya wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu zao.

Kutegemeza si kuficha. Fedha zihesabiwe, kiasi kitajwe waziwazi, naye alipe, ingawa kwa kidogo kidogo. Ila kabla ya barua kuandikwa, watu wawili waende kwake jioni, wakae naye na mkewe, wamweleze yatakayofuata. Na wasiache kwenda baada ya kikao, maana fundi naye haondoi vyuma vyake kabla ya kazi kupoa.

Katika mitaa yetu vipo vikao vinavyongoja. Wazee wa kanisa, kabla ya kufungua daftari la hesabu, chagueni kwanza hao wawili.