Je, Alama ya Kidole Yaweza Kusema Uwongo?

Ndugu msomaji, wanadamu husema uwongo, na hata wasemao kweli husahau. Kwa sababu hiyo watu wa zama hizi wametamani kumpata shahidi asiyependelea wala kuhongwa, nao hudhani wamempata katika maabara ya polisi. Tone la damu, unywele, alama ya kidole: vitu hivi, wasema, havidanganyi. Kauli hii ina ukweli, lakini si ukweli wote. Alama ya kidole haisemi uwongo, kwani haisemi neno lo lote. Asemaye ni mwanadamu aliyeitazama. Basi swali letu ni hili: mtu huyo ana wajibu gani kabla ya kufungua kinywa kumshuhudia mwenzake?

Kwanza yafaa tufahamu jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Alama ipatikanayo mahali pa uhalifu si kama ile ipigwayo kwa wino kituoni. Mara nyingi ni kipande tu, tena kimefifia. Kompyuta hukilinganisha na mamilioni ya alama zilizohifadhiwa, lakini haisemi, "Ni huyu." Hutoa orodha ya alama zinazokaribia kufanana nacho. Kisha mtaalamu huzitazama kwa macho yake: hapa mstari umekatika, pale umegawanyika mara mbili. Mwisho huamua moja katika mambo matatu: ni yeye, siye, au haiwezekani kuamua. Halafu mtaalamu mwingine huihakiki kazi yake.

Sasa tutazame yaliyotokea. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika treni za abiria mjini Madrid, Hispania, yakaua watu zaidi ya 190. Polisi wa huko walipata mfuko wenye viwashio vya mabomu, na juu yake alama ya kidole. Picha yake ikapelekwa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Kompyuta ikatoa alama 20 za kulinganisha. Moja kati ya hizo ilikuwa ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, Mmarekani aliyewahi kuwa mwanajeshi, na aliyesilimu. Mtaalamu wa kwanza akasema alama ya mfukoni ni yake; wa pili akaafiki; wa tatu naye akaafiki. Tarehe 13 Aprili polisi wa Hispania waliandika kwamba wao hawakuuona ulinganifu huo. FBI haikurudi nyuma. Tarehe 6 Mei wakili huyo akakamatwa, na hata mtaalamu wa nje aliyeteuliwa na mahakama akasema alama ni yake. Ndipo tarehe 19 Mei Hispania ikatangaza kwamba imempata mwenye alama, naye ni Mwaljeria. Wakili akafunguliwa kesho yake, FBI ikaomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikakubali kumlipa dola milioni 2.

Je, wataalamu hao walikuwa wajinga, au walikula njama? La hasha! Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani alilichunguza jambo hilo, na taarifa yake ya mwaka 2006 inatufundisha mengi. Alama hizo mbili zilifanana kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini wachunguzi, walipokwisha kuona mfanano huo, waliirudia ile alama hafifu wakaanza "kuona" ndani yake mambo waliyoyatoa katika alama ya Mayfield. Palipotofautiana wakatafuta udhuru. Ama kuhusu dini yake, wachunguzi hawakuijua walipotoa uamuzi wa kwanza. Lakini baada ya kujulikana, mkaguzi aliona kwamba ilichangia katika kutolitazama upya jambo lile Wahispania walipotia shaka.

Mwaka huo huo wa 2006 mwanachuoni Itiel Dror na wenzake walieleza jaribio lao. Walichukua wataalamu watano, wakampa kila mmoja alama mbili ambazo yeye mwenyewe miaka iliyopita aliamua kuwa ni za mtu mmoja. Wakamwambia kuwa hizo ndizo alama za kosa la Madrid. Wanne kati ya watano waliacha uamuzi wao wa zamani. Alama hazikubadilika, kilichobadilika ni habari iliyotangulia kuingia masikioni.

Basi mtu anayekosea kwa nia njema ana lawama? Hatuwezi kumwita mwongo. Lakini nia njema haitoshi kwa yule ambaye neno lake laweza kumfunga mtu. Analaumiwa kwa kinga aliyoiacha. Anayehakiki hali anajua jibu la mwenzake si shahidi wa pili, bali ni mwangwi wa wa kwanza. Kwa hiyo baadaye maabara ya FBI iliweka taratibu mpya: mchunguzi aandike anayoyaona katika alama hafifu kabla ya kuitazama ya mshukiwa, na katika baadhi ya kesi mhakiki asijue mwenzake alisema nini.

Huenda mtu akauliza: tukitia shaka namna hii, wahalifu hawataponyoka? Hapana. Wahispania walimpata mwenye alama kwa elimu ile ile. Kosa halikuwa katika elimu, bali katika haraka na kiburi cha kukataa kusahihishwa.

Nawe, ndugu, unayo maabara kifuani mwako. Kila siku unaletewa habari za jirani, na madai ya dini hii na ile. Uyapime yaliyomo kabla ya kuuliza yanamfaa au kumwumiza nani. Akitokea mtu wa kukupinga, usiulize kwanza yeye ni nani. Uliza ameona nini. Na ushahidi usipotosha, sema "sijui" bila haya, kwani neno hilo lingemwepusha mtu asiye na hatia na majuma mawili ya kifungo.