Pembe Isiyolimwa

Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba Mwenyezi Mungu alimweka mtu bustanini kwa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Kazi ya kwanza Wakristu wengi waifanya kwa bidii, hata viganja vyao vyaota sugu. Ya pili imesahauliwa. Kila jani lisiloliwa laitwa gugu; lang'olewa, larundikwa, lachomwa moto. Uwanja wafagiwa mpaka udongo wabaki mtupu, na ua wazungushiwa miti iliyoletwa kutoka nchi za mbali. Kisha mama wa nyumba ashangaa mbona maboga yake yaanguka yangali machanga.

Jibu limo katika ua la boga lenyewe. Mche wa boga hutoa maua ya namna mbili, ya kiume na ya kike, nayo hufunguka alfajiri na kujifunga jua likipanda. Katika saa hizo chache vumbi la ua la kiume, liitwalo chavua, sharti lifike katika ua la kike. Upepo hauwezi kulichukua, maana ni zito, tena lanata. Nyuki ndiye mtumishi aliyepewa kazi hiyo. Asipopita, boga changa hugeuka manjano, hunyauka na kuanguka. Muhogo na mahindi havimhitaji. Lakini maracuja humtegemea sana yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao. Mwaka 2007 wataalamu walipoyachunguza mazao makuu 115 ya chakula cha watu, waliona kwamba 87 husaidiwa na wadudu au viumbe wengine wachukuao chavua.

Mchikichi, mti wa asili ya Afrika, wafundisha neno hilohilo. Ulipopelekwa Malesia ulistawi, walakini haukuzaa vema, hata watu waliajiriwa kuupaka chavua kwa mikono. Mwaka 1981 waliletwa kutoka Kameruni wadudu wadogo sana, waliozoeana na mchikichi tangu zamani. Basi mashada yakajaa, na kazi ile ya mikono ikaachwa. Ndivyo Mungu Mwumba alivyopanga: hakuuacha mti peke yake, bali aliupa mwenzi. Kwa hiyo anayetaka wadudu wa nchi yake wakae nyumbani pake, yafaa apande mimea ya nchi yake.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, aliyatambua hayo bila darasa la elimu ya mimea. Alimwagiza ndugu mtunza bustani asiilime yote, ila aache sehemu moja ambamo majani ya mwituni yachipuke na kutoa maua kwa sifa ya Mungu. Papa Fransisko alilikumbusha Kanisa jambo hilo mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si'.

Labda mtu mwenye kiwanja chembamba katika vilima vya Bukavu atajibu: «Watoto wana njaa, nani atalima maua?» Neno lake si la kudharauliwa. Lakini pembe ya hatua mbili haimnyimi mtoto chakula, yamletea.

Kwanza, na apande kando ya ua mimea ya kienyeji yenye faida. Mubirizi, ambao wazee watumia majani yake machungu kuwa dawa, hujaa nyuki uchanuapo. Kivumbasi chenye harufu nzuri vilevile. Heri kuchanganya mimea ichanuayo kwa zamu, ili viumbe hao wasikose chakula miezi mingine.

Pili, na awaachie makao. Nyuki si wale wa mzingani tu; duniani wamekwisha kutambuliwa zaidi ya aina 20,000, na walio wengi huishi peke yao, wakitaga katika udongo usiochimbwa au katika mti mkavu. Anayeogopa nyoka afyeke mbele ya mlango, pembe hiyo aiweke mbali na nyumba, wala asichome yote.

Tatu, na ajihadhari na sumu. Asinyunyizie dawa maua yaliyo wazi. Ikimlazimu kabisa kutumia dawa, angoje jioni, nyuki wakiisha kurudi kwao. Nyuki hajui mpaka wa kiwanja. Yule aliyekula sumu kwa mmoja ndiye aliyetarajiwa asubuhi katika maboga ya mjane jirani. Amri ya saba yakataza kuiba. Basi anayeua ovyo watumishi wa shamba la mwenziwe na ajiulize kama hajapunguza kitu katika chungu cha jirani, ijapokuwa hakuvuka ua.

Usiku wa Pasaka, katika wimbo wa kuusifu mshumaa mpya, Kanisa lataja kazi ya nyuki mbele ya taifa lote la Mungu. Mdudu huyo hadharauliwi altareni. Haifai adharauliwe nyumbani. Kulima bila kutunza ni kutii nusu ya agizo.

AZIMIO. Kabla ya mvua za Septemba, kila jamaa ya Kikristu ichague pembe moja isiyolimwa, ipande mche mmoja wa kienyeji, na kuwafundisha watoto sababu yake.