Nani Aseme Kwanza?

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, watu wengi walikuwa wamepanga foleni mbele ya malango ya bustani ya Albert Park, mjini Melbourne, katika nchi ya Australia. Walikuja kutazama mashindano makubwa ya magari, yale ya Formula One, ambayo mji huo umekuwa ukiyapokea tangu mwaka 1996. Wengine walikuwa wametoka ng'ambo ya bahari. Magari yalikuwa yaingie barabarani kwa mazoezi saa sita mchana. Ilipofika kama saa nne ikatangazwa kwamba hapana mashindano, na kila mtu na arudi kwao.

Sababu yake ilikuwa ugonjwa wa Korona, wala hapana mwenye akili atakayesema kwamba sababu hiyo haikutosha. Siku mbili kabla yake Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha tangaza kwamba ugonjwa huo umeenea ulimwenguni. Basi hatuandiki ili kuuliza kama ilifaa kuyafuta mashindano. Ilifaa. Swali letu ni jingine, na kwa maoni yetu ni gumu zaidi: Je, jambo la haki likitendwa kwa kuchelewa, hata hasara yake ikawaangukia wasiokuwamo katika shauri, aliyelitenda aweza kusema kwamba ametimiza wajibu wake?

Tutazame kwanza jinsi mambo yalivyokwenda. Tangu tarehe 12 Februari ilijulikana kwamba mashindano ya China, yaliyopangwa kufanyika mwezi wa Aprili, yameahirishwa. Tarehe 8 Machi serikali ya Italia ilifunga sehemu kubwa ya kaskazini ya nchi ile, pamoja na mkoa wa Modena, ulipo mji mdogo wa Maranello wanakounda magari mekundu ya Ferrari. Siku hiyohiyo Maaskofu wa Italia walisimamisha Misa za hadhara katika nchi nzima. Msomaji na atulie kidogo hapa. Mama mzee wa Maranello alizuiwa kwenda Misa katika parokia yake, mwendo mfupi tu kwa miguu, asije akamwambukiza jirani. Na magari ya mji uleule, pamoja na mafundi wake, yalikuwa upande wa pili wa dunia yakingoja kuonyeshwa mbele ya umati wa watu. Hatusemi kwamba Maaskofu walikosea. Twasema tu kwamba waliotoa sadaka ya Ekaristi yao siku ile walikuwa na haki ya kushangaa.

Alhamisi tarehe 12 watazamaji waliingia bustanini, wakatazama mashindano madogo yanayotangulia yale makubwa. Siku hiyo Lewis Hamilton, aliyekuwa bingwa wa dunia mara sita, aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba anastaajabu kuona wamekusanyika pale. Alipoulizwa kwa nini basi mashindano yanaendelea, alijibu kwamba fedha ndiyo mfalme. Jioni ikajulikana kwamba mtu mmoja wa timu ya McLaren ameupata ugonjwa. McLaren wakajitoa palepale. Wengine wote wakabaki katika mashauri usiku ule, na kulipokucha watu walikuwa njiani kuelekea malangoni, kwa kuwa hapana aliyekuwa amewaambia wasije. Waziri Mkuu wa jimbo la Victoria akasema asubuhi ile kwamba mashindano yakifanyika hayatakuwa na watazamaji. Ndipo likaja tangazo, likieleza kwamba timu nyingi zimeona yasifanyike.

Wakuu walijitetea kwamba mambo yalikuwa yakibadilika upesi mno. Utetezi huo una kweli ndani yake, wala hatupendi kuwahukumu watu kwa maarifa tuliyoyapata baadaye. Lakini tazama hali yao. Mwenye mashindano hakutaka kuwa wa kwanza kusema, maana avunjaye mkataba hulipa. Timu hazikutaka, isipokuwa moja iliyolazimishwa na mgonjwa wake. Serikali nayo ilikuwa na sikukuu ambayo mji mzima huingojea mwaka hadi mwaka. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Twadhani wengi kati yao walikwisha jua moyoni, kabla ya Ijumaa, neno linalopasa kusemwa. Walichokosa ni mtu wa kulisema. Mahali penye wakuu wengi dhamiri ya mmoja huliegemea bega la jirani, ikalala.

Wasomaji wetu hawahitaji kusafiri mpaka Australia ili kuyajua mambo haya. Ni nani asiyepata kukaa katika kamati ya harusi? Michango imekwisha kusanywa, ng'ombe amenunuliwa, kadi zimefika mpaka kwa shangazi wa mbali, na wiki ya mwisho baba wa bibi arusi anashikwa na ugonjwa mzito. Kila mjumbe akiwa nyumbani kwake humwambia mkewe kwamba harusi hii haina budi kuahirishwa. Kikaoni wote hunyamaza, wakizungumzia viti na muziki. Mwenyekiti humngoja baba mdogo, baba mdogo humngoja mwenyekiti, na wageni wa Songea wamekwisha panda basi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kutoa hukumu, na kuamuru litendeke lililohukumiwa. Katika hayo matatu, lililo kuu ni la mwisho. Tena, akimfuata Aristotle, asema kwamba yafaa kushauriana polepole, lakini shauri likiisha, kutenda upesi. Watu wengi hudhani kwamba mwenye busara ni yule anayesitasita. Sivyo. Aliyejua chumbani mwake kwamba malango yafungwe, asiyafunge, hakuwa na nusu ya busara. Alikuwa na uzembe, ambao mwalimu huyo auhesabu miongoni mwa makosa yaipingayo fadhila hii.

Asije mtu akatudhania kwamba twamsifu kila afutaye mambo kwa haraka. Mashindano yakifutwa, tajiri hupunguziwa faida, lakini mpishi wa kibanda, mfagiaji wa hoteli na dereva wa teksi hukosa ujira wa juma zima, na pengine ndio waliokuwa wakiutegemea kwa kodi ya nyumba. Mkuu aogopaye lawama aweza kufuta kila kitu mapema ili alale usingizi, akiwaacha hao wakeshe. Huo nao ni woga, ila umevaa vazi jingine. Kwa hiyo hatuwezi kumpa mtu kanuni ya siku ngapi.

Lakini tofauti ya wakati yaonekana wazi tukilinganisha. Mbio za Safari Rally, ambazo wazee wetu wanakumbuka zilivyopita nchi zetu tatu za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1953, zilikuwa zirudi nchini Kenya mwezi wa Julai 2020 katika mashindano ya ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana humo tangu mwaka 2002. Katikati ya mwezi wa Mei ilitangazwa kwamba hazitafanyika. Watu wa Naivasha walisikitika, ila walisikitika wakiwa nyumbani mwao. Na Juni 2021 magari yakaja. Melbourne yenyewe iliyafuta tena mashindano yake mwezi wa Julai 2021, miezi minne kabla ya siku yake, na safari hiyo hapana aliyesimama mbele ya lango lililofungwa.

Limebaki jambo la malipo, ambalo waandishi wengi hawakuligusa. Wenye mashindano waliahidi kurudisha fedha za tiketi, na hiyo ni haki tupu. Je, nauli? Waalimu wa teolojia ya maadili hufundisha kwamba mtu hufungwa katika dhamiri kulipa hasara ikiwa tendo lake lilivunja haki, likawa ndilo sababu hasa ya hasara ile, na likawa na kosa mbele ya Mungu. Aliyenunua tiketi ya ndege mwezi wa Desemba, wakati ugonjwa haujajulikana, alijitia katika hatari ya kila msafiri, wala hana wa kumdai. Lakini yuko aliyefunga mizigo yake Jumatano au Alhamisi ile kwa sababu tu aliambiwa kwamba mashindano yapo, na waliomwambia walikuwa na mashaka ambayo hawakumfunulia. Huyo, kwa maoni yetu, ana deni lake juu yao, hata kama hapana mahakama itakayolidai. Na sisi hatuoni kwamba kutaja upesi wa mambo kunatosha kulifuta.